Kutambua vyeti vya nje: maana, matumizi na mitego ya tafsiri

Katika Kiswahili cha kila siku, kutambua ni kujua kitu au mtu kwa alama zake: mama humtambua mwanawe kwa sauti, nahodha hutambua mwamba kwa rangi ya maji. Katika maandishi ya serikali na ya vyuo kitenzi hicho kimepata maana nyingine, finyu zaidi na yenye nguvu ya kisheria. Huko, kutambua ni tendo la mamlaka ya nchi moja kukubali kwamba cheti kilichotolewa katika nchi nyingine kina thamani fulani nyumbani kwake, na kwamba mwenye cheti anaweza kukitumia kuendelea na masomo au kuomba kazi. Maana hizi mbili zinakaribiana kiasi cha kupotosha. Karani anayekitazama cheti na kusema "hiki nakitambua" huenda anamaanisha tu kwamba amekwisha kuona vyeti vya aina hiyo. Mwombaji aliye mbele yake husikia kwamba amekubaliwa.

Makala haya yanafafanua maneno yanayozunguka tendo hilo kwa sababu ndiyo yanayowaponza wafasiri na waombaji wengi. Muuguzi aliyesomea Bukavu, mwalimu aliyesomea Kampala au mhandisi aliyesomea Dar es Salaam anapohamia nchi nyingine, karatasi zake hupita mikononi mwa mfasiri kabla ya kumfikia mtathmini. Neno moja likikosewa, mtu anaweza kushushwa ngazi aliyoifikia kwa jasho, au kupandishwa ngazi asiyostahili na hatimaye kushukiwa udanganyifu. Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba kazi ya mfasiri ni kukitaja cheti kama kilivyo, na kazi ya kukipima ni ya mamlaka iliyopewa kazi hiyo.

Kwanza yafaa kutenganisha matendo ambayo magazeti, na hata baadhi ya fomu za ofisini, huyachanganya.

Kuhakiki hutangulia yote. Swali la mhakiki ni moja: je, cheti hiki ni cha kweli, na kilitolewa na chuo kinachotajwa kwa mtu anayetajwa? Nchini Tanzania neno hili liliingia vinywani mwa watu wote wakati wa uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, ambao taarifa yake ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli mjini Dodoma mwezi Aprili 2017, ikitaja watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Tangu hapo, wasomaji wengi wakiona "uhakiki" hufikiria kughushi kwanza, na mwanafunzi wa fasihi ndiye pekee anayekumbuka kwamba neno hilohilo ni jina la taaluma ya kuchambua riwaya na mashairi. Cheti kinaweza kupita uhakiki bila dosari na bado kisitambuliwe. Ukweli wa karatasi hausemi lolote kuhusu kiwango cha masomo.

Ithibati ni ya chuo au ya programu, si ya mtu. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hukipa chuo ithibati, haimpi mhitimu. Kwa hiyo kauli "shahada yangu ina ithibati" ni ya mkato, na mfasiri makini huiandika upya: "shahada yangu imetolewa na chuo chenye ithibati." Jambo hili si la urembo wa lugha. Mtathmini wa nje huanza kwa kuuliza hadhi ya chuo wakati ule cheti kilipotolewa, na sentensi inayompa mtu ithibati humnyima jibu hilo.

Kulinganisha ni kuweka cheti cha nje kando ya cheti cha ndani na kusema kinafanana na kipi. Kwa matokeo ya sekondari, Tanzania imelikabidhi Baraza la Mitihani kazi hiyo. Vyeti vya ngazi ya kati vya ufundi huangukia baraza linalosimamia elimu ya ufundi, nazo shahada huangukia Tume ya Vyuo Vikuu. Kenya imeyagawa majukumu haya kwa namna yake, na tangu sheria ya mwaka 2014 ina mamlaka maalumu inayoshughulikia mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu. Wapo waandishi wanaotumia "kusawazisha" badala ya "kulinganisha". Ningeshauri neno hilo liachwe. Kusawazisha ni kufanya vitu visivyo sawa viwe sawa, kama fundi anavyosawazisha sakafu. Mtathmini hakibadilishi cheti, anakitafutia mahali pake.

Kusajili, mwisho, ni kazi ya mabaraza na bodi za taaluma. Hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Daktari anaweza kuwa na shahada iliyohakikiwa na kutambuliwa, lakini asiruhusiwe kumgusa mgonjwa mpaka baraza la madaktari limsajili, na baraza hilo linaweza kudai mtihani au kipindi cha mafunzo kwa vitendo. Barua isemayo "shahada yako imetambuliwa" haimaanishi "umeruhusiwa kufanya kazi ya udaktari", na anayeifasiri asiruhusu maneno yake yaonyeshe hivyo.

Tukirudi kwenye kutambua chenyewe, minyambuliko yake inastahili kuangaliwa kwa utulivu, maana tofauti za kisheria zimejificha ndani ya viambishi. "Cheti kimetambuliwa" ni kauli ya kutendwa: kuna mtendaji, hata kama hakutajwa, na kuna siku alipotenda. "Cheti kinatambulika" ni kauli ya kutendeka: inaeleza hali tu, bila mtu wa kuwajibika. Matangazo ya vyuo vya kibiashara hupenda kauli ya pili. Chuo kinapojinadi kwamba vyeti vyake "vinatambulika kimataifa", msomaji ana haki ya kuuliza vinatambuliwa na nani, maana hakuna ofisi ya dunia nzima inayotambua vyeti. Katika tafsiri rasmi, tumia kauli ya kutendwa na umtaje mtendaji kwa "na": "imetambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu." Kama matini chanzi haimtaji mtendaji, usimzushe.

Nomino inayotakiwa ni utambuzi. Utambulisho hautokani na kutambua moja kwa moja bali na kutambulisha, yaani kumjulisha mtu kwa wengine. Ndiyo maana tuna barua ya utambulisho na kitambulisho. "Utambulisho wa vyeti" ni kosa linalojirudia katika insha za wanafunzi wangu, na hata katika vipeperushi vya mawakala wanaopeleka vijana kusoma ng'ambo.

Kauli ya kutendana inadai uangalifu zaidi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama katika ibara yake ya 11 zikubali sifa za kitaaluma zilizotolewa na wenzao, na chini yake wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wametiliana saini makubaliano ya namna hiyo. Makubaliano haya huitwa mara nyingi "ya kutambuana". Lakini nchi zinazotambuana ni zile zinazokubali kwamba kila mmoja ni dola. Hilo ni suala la mabalozi. Vyeti vinapohusika, umbo sahihi ni kutambuliana: nchi hutambuliana vyeti, yaani kila moja hutambua vyeti kwa ajili ya nyenzake. Silabi moja zaidi inabeba yambwa nzima, na Kiswahili kinalieleza hapa kwa neno moja jambo ambalo lugha nyingi hulieleza kwa matatu au manne.

Istilahi nyingine ambayo wafasiri wa nyaraka za Ulaya hukutana nayo inatokana na Mkataba wa Lisbon wa mwaka 1997. Chini ya mkataba huo, nchi mwanachama hutambua cheti cha mwanachama mwenzake isipokuwa ikithibitisha kwamba kuna tofauti ya msingi kati ya cheti hicho na cha kwake, na mzigo wa kuithibitisha uko juu ya mtathmini, si juu ya mwombaji. Nimeandika "tofauti ya msingi" kwa makusudi. "Tofauti kubwa" haitoshi, kwa sababu tofauti inaweza kuwa kubwa kwa idadi ya saa za masomo na bado isiguse kile anachoweza kukifanya mhitimu. Afrika nayo ina mkataba wake, uliopitishwa Arusha mwaka 1981 na kuandikwa upya Addis Ababa mwaka 2014. Anayefasiri nyaraka za pande zote mbili afanye uamuzi mmoja wa istilahi na aushikilie.

Sasa tuje kwenye majina ya vyeti vyenyewe, maana hapa ndipo hasara kubwa hutokea.

Neno lenye hatari kuliko yote ni diploma. Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, diploma ni stashahada: masomo ya baada ya sekondari, chini ya shahada. Kwa Mkongo au Mrundi, aliyesoma kwa Kifaransa, diploma ni hati yoyote ya kuhitimu, na hati iitwayo Diplôme d'État ni cheti cha kumaliza sekondari. Kwa Mjerumani, Diplom ilikuwa kwa miaka mingi shahada kamili ya chuo kikuu, iliyochukua takriban miaka mitano na ambayo leo huwekwa ngazi moja na uzamili. Oman nayo huita cheti cha kumaliza darasa la 12 diploma ya elimu ya jumla. Neno moja, ngazi tatu tofauti. Mfasiri anayeandika "stashahada" kila aonapo diploma atampandisha kijana wa Kongo ngazi moja na kumshusha mhandisi wa Ujerumani ngazi mbili, tena kwa siku moja, na wote wawili watalipia.

Mfano wa kijana wa Kongo si wa kubuni tu darasani. Katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, watoto wa wakimbizi wamesoma kwa mitaala ya nchi zao za asili wakiwa ndani ya ardhi ya Tanzania. Kijana aliyemaliza huko na kushika Diplôme d'État anazungumza Kiswahili, anaishi Kigoma, na karatasi yake imeandikwa Kifaransa. Akiambiwa aifasiri, njia salama ni kuliacha jina la asili lilivyo na kulifuatisha maelezo: "Diplôme d'État (cheti cha kumaliza elimu ya sekondari, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo)". Maelezo hayo yanasema cheti hutolewa wakati gani wa safari ya elimu; hayasemi kinalingana na nini nchini Tanzania. Huo ndio mpaka.

Shahada ina mtego wake, na huu unawahusu hasa wasomaji wa Zanzibar, Mombasa na Muscat. Kiswahili kililichukua neno hili kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni ushuhuda. Shahidi ni ndugu yake wa damu. Katika Kiarabu cha leo shahada ni cheti cha aina yoyote, kikiwemo cha sekondari, wakati Kiswahili sanifu kimelifinya neno likabaki na maana ya hati ya chuo kikuu. Mswahili wa Oman anayeifasiri hati ya thanawi kwa Kiswahili huona neno analolijua, akaliacha lipite. Matokeo yake ni kwamba mhitimu wa sekondari anaonekana ana shahada ya chuo kikuu. Neno linapofanana katika lugha mbili ndipo kamusi inapostahili kufunguliwa, na si wengi wanaoifungua.

Lisansi na leseni ni pacha waliolelewa nyumba mbili. Asili yao ni moja, maana ya ruhusa. Kiingereza kilituletea leseni, yaani kibali: ya udereva, ya biashara, ya kutoa huduma. Kifaransa kiliwaletea wenzetu wa Kongo, Rwanda na Burundi licence, ambayo ni shahada. Hivyo "licence" ya ualimu ikigeuzwa kuwa "leseni ya ualimu", mtu mwenye shahada anabaki na kibali cha kazi asichokuwa nacho, na shahada aliyonayo inatoweka. Zaidi ya hapo, lisansi zenyewe hazilingani. Nchini Ufaransa ni miaka mitatu baada ya sekondari. Katika mfumo wa zamani wa Kongo, ulioathiriwa na Ubelgiji, mwanafunzi alipata kwanza graduat kwa miaka mitatu, kisha licence kwa miwili zaidi. Jumla ni mitano. Mtathmini asiyeujua mfumo huo huona neno licence na kuhesabu mitatu. Mfasiri hawezi kumpa somo la historia, lakini anaweza kunakili kwa uaminifu miaka ya masomo iliyoandikwa kwenye hati ya matokeo, na kutoiacha hati hiyo nyuma kwa kudhani cheti kinatosha.

Kuhusu tuzo, maandishi ya taasisi za elimu nchini Tanzania hulitumia kwa maana ya cheti chochote kinachotolewa baada ya kuhitimu, na "tuzo za nje" maana yake ni vyeti vilivyotolewa nje ya nchi. Natambua sababu ya uamuzi huo: lilihitajika jina moja la jumla linalofunika astashahada, stashahada na shahada. Lakini kwa msomaji wa kawaida tuzo ni zawadi ya mshindi, na mwombaji ambaye hakuwahi kushinda chochote huacha wazi sehemu hiyo ya fomu. Sifa nalo limejaribiwa, na lina tatizo jingine kwa kuwa ni la watu na vitu kabla ya kuwa la karatasi. Kwa matini ya umma ningependelea "vyeti vya kitaaluma". Kwa matini ya taasisi yenyewe, mfasiri hana budi kufuata istilahi ya taasisi. Uzamivu na uzamifu ni suala la nchi tu: umbo la kwanza hutawala Tanzania, la pili huonekana sana Kenya, na hakuna mtathmini aliyewahi kumkatalia mtu kwa sababu ya herufi hiyo.

Kidato cha nne kinaonekana hakina haja ya kufasiriwa, kwa kuwa Tanzania na Kenya hulitumia neno lilelile. Lakini mwanafunzi wa Kenya chini ya mfumo wa 8-4-4, ambao sasa unaondoka, alitoka kidato cha nne akaingia chuo kikuu moja kwa moja kama alifikia alama zinazotakiwa. Wa Tanzania bado alikuwa na kidato cha tano na cha sita mbele yake, au njia ya stashahada. Mkenya akaenda kusoma shahada ya miaka minne, Mtanzania mara nyingi ya miaka mitatu. Ukiandika "amemaliza kidato cha nne" bila kutaja nchi na jina la mtihani, umempa mtathmini sentensi yenye maana mbili.

Alama zinadai uangalifu wa pekee, kwa sababu tarakimu hujifanya zinaeleweka na kila mtu. Katika mtihani wa kidato cha nne wa Tanzania, pointi chache ndizo bora: masomo saba hujumlishwa, A ni pointi 1, na daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17. Kenya ni kinyume: A ni pointi 12 na E ni 1. Nchini Uganda, hadi mtaala mpya ulipoanza kutahiniwa mwaka 2024, alama ya juu kabisa ya mtihani wa mwaka wa nne wa sekondari iliandikwa D1, na D hiyo ilimaanisha ufaulu wa hali ya juu. Msomaji wa Tanzania akiiona D atamhurumia mwenye cheti. Ujerumani 1.0 ni bora na 4.0 ndiyo ngazi ya mwisho ya kufaulu. Kwenye vyuo vikuu vingi vya Tanzania wastani wa alama, ambao wanafunzi huuita jipiei, una ukomo wa 5.0, na 3.6 ni daraja la pili la juu. Marekani ukomo ni 4.0, na 3.6 hiyohiyo husomwa kwa jicho jingine kabisa. Kanuni inayofaa ni kunakili alama bila kuigeuza, kisha kufasiri ufunguo wa alama ambao kwa kawaida huchapwa nyuma ya hati au chini yake kwa maandishi madogo. Ukurasa huo wa nyuma ndio unaosahaulika kuliko kurasa zote, kwa sababu mwombaji anayelipa kwa ukurasa huona hauna kitu.

Neno la mwisho ni nakala halisi. Kauli hii imezoeleka maofisini, na inajipinga yenyewe, kwa kuwa kilicho halisi si nakala. Ofisi inayotaka karatasi iliyotoka chuoni inataka cheti halisi. Ofisi inayokubali kivuli chenye mhuri wa wakili au hakimu inataka nakala iliyothibitishwa. Mwombaji aliyeambiwa "tuma nakala halisi" kwa posta amewahi kutuma cheti chake cha pekee kuvuka bahari na asikione tena, ilhali kilichotakiwa ni kivuli chenye mhuri. Majina ya watu nayo yabaki kwa tahajia ya kwenye hati: kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed na hati ya matokeo inasema Muhammad, mfasiri aandike kila moja kama ilivyo na aweke tanbihi fupi kwamba tahajia zinatofautiana katika hati chanzi. Kuzilinganisha kimyakimya ili kumsaidia mteja ni kumwondolea nafasi ya kuleta hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.